Umeanguka Testi ya Ndai? Anzia kwa Siti

Mtaani msee akipita testi ya ndai, kufika jioni kila mtu anajua. Anapost picha ameshika usukani, mathe anapigia mashangazi wa ocha, wasee wa base wanaanza kumwita dere. Akianguka, anazima data. Wiki inaisha hajapita base, na ukimpata kwa stage anakushow ati testi ilisongeshwa mbele. Hiyo aibu ndiyo imenifanya niandike hii kitu. Nimeona wasee wenye mikono safi kabisa wakiachana na leseni juu ya kuangushwa mara moja tu. Na nimeona wengine wakichukua njia mbaya zaidi, wakaenda kutafuta broka.

Acha nianze na huyo broka nimalizane naye, ndio tubonge story ya maana.

Broka ana mdomo mtamu. Anakushow ulete ngiri kadhaa na jina lako litapita bila wewe kuguza gia. Hiyo ni hongo, na kwa sheria ya hongo ya 2016 anayepeana na anayepokea wote wana kesi. Lakini hata ukiweka sheria kando, cheki ground. Mwaka wa 2023 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,300. Mwaka wa 2024 idadi ikapita 4,700. Na kundi kubwa zaidi kwa hao si madere, ni wasee wa miguu. Ni mathe anavuka Jogoo Road na mboga za asubuhi, ni mtoi wa shule pale Outering, ni boi wa mjengo anarudi keja saa moja usiku akitembea kando ya lami juu hakuna njia ya miguu. Leseni ya kununua inakuachilia katikati ya hao watu na tani nzima ya chuma, na hakuna mtu hata mmoja amewahi kucheki kama unaangalia kioo kabla utoke. Mimi sitaki kupatana na hiyo ndai. Wewe pia hutaki mathe yako apatane nayo. Story ya broka imeishia hapo.

Sasa, ulianguka. Wengi wakitoka hapo swali la kwanza ni “nitabuki tena lini?” Wanaingia kwa simu, wanalipa ada ya testi upya, wanangoja tarehe, wanarudi wakiwa vile vile walikuwa. Na wanaanguka vile vile. Mimi naona swali la kwanza ni “nilianguka wapi?” Si siku gani, si mtahini yupi. Dakika gani. Testi ya ndai si ndefu, na mara nyingi kuna dakika moja tu yenye ilikubeba. Ukiipata hiyo dakika, una wera ya kufanya. Usipoipata, utalipa lesson za ziada uzungushwe mtaani na urudi na wasi ile ile.

Na usiseme “niliogopa tu.” Kila mtu huogopa. Uoga huingia mahali mazoezi ni membamba. Kama miguu yako inajua klachi, uoga utakupata kwa raundabauti. Kama raundabauti unaijua, utakupata kwa rivasi. Kwa hivyo jiulize uoga ulikupata ukifanya nini. Keti chini siku hiyo hiyo, kabla kichwa kianze kujitetea, uandike: niliambiwa niingie, nikafanya hivi, halafu hivi, halafu gari ikafanya hivi. Andika hata kwa simu. Kesho yake utakuwa umeshajipangia story nyingine.

Sistee wangu mdogo alipofanya hivyo ndio tukagundua kitu yenye hakuna mtu alikuwa amemwambia. Yeye aliandika: nikaitwa, nikaingia, nikafunga mshipi, nikawasha, nikaweka gia ya kwanza, ikazima. Nikawasha tena, ikazima. Ya tatu ikaruka mbele, mtahini akaniambia nishuke. Yeye alikuwa ameshaamua hajui klachi. Lakini kwa lesson zake zote gari ilikuwa haizimi hivyo. Nikamuuliza nani aliendesha kabla yake. Akasema jamaa mmoja mrefu.

Hiyo ndio ilikuwa dakika yake. Wenye wamefanya testi wanajua mnaingianga kwa ndai moja kama kikundi, mmoja anaendesha, wengine wako nyuma wakingoja zamu. Jamaa mrefu alikuwa amesukuma siti hadi mwisho. Sistee ni mfupi. Alipoingia aliona mguu haufiki vizuri, lakini akaogopa kupotezea mtahini time, akaketi ukingoni mwa siti na kunyoosha vidole. Klachi ilikuwa haifiki chini kabisa. Hapo hata dere wa miaka ishirini angezima gari.

Ndio maana nasema anzia kwa siti. Ukiingia kwa ndai ya testi, hiyo siti ni yako. Vuta mbele hadi mguu wa kushoto ukanyage klachi mpaka mwisho na goti libaki limekunja kidogo. Weka mgongo wa siti vile mikono inafika usukani bila kunyooka. Rekebisha kioo cha ndani, halafu vya pembeni. Funga mshipi. Tingisha gia ujue iko fri. Cheki handibreki iko juu. Hii yote haimalizi hata dakika moja, na si kupotezea mtu time. Ni sehemu ya testi yenyewe. Mtahini akikuona umeketi na kunyamaza ukirekebisha vioo, anaona dere. Akikuona umeruka ndani na kuwasha, anaona mtu ana haraka ya kumaliza.

Tukafanya mazoezi ya kuingia tu. Najua inakaa kitu ndogo sana, lakini jaribu. Ndai imesimama, injini imezimwa, mimi naingia kwanza nachafua kila kitu: nasukuma siti nyuma, napindua kioo cha ndani kiangalie paa, naacha gari kwa gia ya tatu. Halafu natoka, yeye anaingia na kupanga. Ile siku alianza kucheki gia kabla aguze ufunguo bila mtu kumkumbusha, nikajua hiyo imeingia kwa damu.

Hapo kwa ndai ya mazoezi acha nikushow kitu, juu inachanganya wengi. Ndai nyingi za mtaani siku hizi ni otomatiki. Zile Vitz, Note, Demio na Fielder zinatoka Japan zikiwa zimetumika. Kwa hivyo anko akikuambia “kuja ufanye mazoezi na yangu,” asante sana anko, lakini mguu wako wa kushoto hautajifunza chochote humo. Kama testi yako ni ya manuali, tafuta manuali. Leseni zenyewe zinatofautisha: B1 ni ya otomatiki, B2 ni ya manuali. Otomatiki ya anko itakusaidia kwa macho, vioo, lane na kuegesha, na hiyo si kidogo, ila klachi utaitafuta kwingine. Sisi tuliazima Probox ya jamaa yetu wa kusambaza mayai, siku zenye hana wera. Kabla uazime, uliza bima inasema nini juu ya dere anayejifunza. Halafu hakikisha PDL, ile leseni ya muda ya mwanafunzi, iko hai, kibao cha L kiko mbele na nyuma, na kando yako ameketi mtu mwenye leseni. Bila hivyo karao akikusimamisha hauna la kujitetea.

Klachi sasa. Wengi wa wenye nimebonga nao waliangukia hapa, na ndio sehemu yenye watu hufunzwa kwa haraka zaidi, juu mwalimu ana wanafunzi wanne kwa ndai na kila mmoja anataka kuzunguka. Kuna mahali klachi hushika. Ukiiachilia kutoka chini mos mos, inafika point sauti ya injini inakuwa nzito, pua ya ndai inainuka kidogo, na unaskia mtetemeko kwa sakafu chini ya mguu. Hapo ndipo unasimamisha mguu. Husongi mbele, huachilii, unangoja. Wasee wengi wakifika hapo wanaona ndai inataka kuenda, wanafurahi, wanaachilia yote. Inazima. Achilia klachi vile unashusha mtoi amelala kwa kitanda: mwisho wake ndio unahitaji upole zaidi.

Mazoezi yenye yalitusaidia ni haya. Tafuta mahali tambarare, hakuna watu. Gia ya kwanza, handibreki chini, mguu wa kulia juu ya breki, si kwa moto. Leta klachi hadi ishike, achilia breki, ndai itaanza kutambaa na klachi peke yake bila moto wowote. Ikitembea hatua chache, kanyaga klachi na breki, simama. Rudia. Rudia hadi uchoke. Hii inakupea heshima ya klachi yenye mtu wa moto hapati, juu wasee wengi hufunika makosa ya klachi na moto. Injini inanguruma mtaa mzima, ndai inaruka, na mtahini ameshaandika.

Halafu jua hakuna klachi mbili zinafanana. Ile imeisha inashika juu, ile imefungwa juzi inashika chini. Kama ulijifunza na ndai moja peke yake, mguu wako umekariri hiyo ndai, haujajifunza kuendesha. Ukirudi kwa lesson za ziada, omba mwalimu akupee ndai nyingine hata kama ile yako ya kawaida iko fri. Na usinunue masaa, nunua kazi. Mwambie wazi, “Mwalimu, leo naomba klachi na kupanda mlima tu, sitaki kuzunguka.” Wengi watakusikiza, maana pia wao wanajua mwanafunzi akipita jina la shule linapanda.

Mlima nao una uoga wake, ule wa kurudi nyuma ugonge msee. Dawa ni handibreki. Usijaribu kushindana na mlima kwa miguu miwili. Vuta handibreki, leta klachi hadi ishike, ongeza moto kidogo, uskie pua inainuka na nyuma inakaa chini. Handibreki bado iko juu na ndai inataka kuenda. Hapo ndipo unaishusha, na haitarudi hata inchi. Fanyia hiyo kwa mlima mfupi wa mtaani kwanza. Usikimbilie Valley Road saa kumi na mbili jioni ati ujipime, na basi limekushika nyuma linapiga honi.

Macho sasa, na hapa nabonga na wale miguu yao iko sawa lakini wakaanguka na hawajui kwa nini. Mtahini haoni fikira zako, anaona kichwa chako. Unaweza kuwa umecheki kioo kwa kona ya jicho, lakini kama kichwa hakijageuka, yeye ameona mtu ametoka bila kucheki. Geuza kichwa. Kutoka kando ya barabara: kioo cha ndani, kioo cha kulia, indiketa, halafu bega la kulia, juu kuna mahali vioo havifiki na hapo ndipo boda hukaa. Ukikata kushoto, kioo cha kushoto na bega la kushoto. Kwa Kanairo hiyo ya kushoto ni ya maisha. Boda anapita kati yako na ukingo hata kama nafasi ni ya mtu mmoja, amebeba mathe na mtoi, na hatakuwa ameona indiketa yako.

Njia ya kuzoesha kichwa ni kubonga. Ukifanya mazoezi, sema kwa sauti kila kitu unaona na unataka kufanya. “Naangalia kioo. Boda nyuma. Bampa mbele, naweka ya pili. Mathe anataka kuvuka, napunguza.” Mwanzoni utaona aibu. Baada ya muda utagundua mahali unanyamaza ndipo hauangalii. Sistee alikuwa ananyamaza kila akikaribia makutano, kichwa chote kiko kwa gia. Hakuwa anacheki kulia kabisa, na kwa ile testi ya kwanza hata hakufika makutano, kumaanisha angerudi na klachi safi halafu aanguke mbele kidogo.

Raundabauti inaumiza watu wa Nairobi kuliko watu wa miji mingine, na si kosa lao. Cheki zile kubwa tunazopitia kila siku: City Stadium, Haile Selassie, Nyayo. Asubuhi na jioni kuna karao katikati akipungia watu mkono. Umepanda mathree maisha yako yote na karibu hujawahi kuona raundabauti ikifanya kazi kwa sheria yake. Umeona karao akifanya kazi. Kwa testi karao hayuko, uko wewe na alama. Kwa hivyo jifunze upya: aliye ndani ya raundabauti, anayetokea kulia kwako, ana haki ya kwanza. Unaenda kushoto, shika lane ya kushoto na indiketa ya kushoto. Unaenda kulia, shika ya kulia mapema, indiketa ya kulia, na ukipita njia ya mwisho kabla ya yako weka ya kushoto utoke. Tafuta raundabauti ndogo ya mtaani yenye haina karao, simama kando kwa miguu kabla uingie na ndai, ucheki nani anangoja nani.

Hiyo ya kucheki kwa miguu ni bure na watu wanaidharau. Kuna nyingine ya bure: siti ya mbele ya mathree. Ukipata ile ya abiria kumi na nne, kaa karibu na dere. Nyingi ni manuali. Skiza injini kabla abadilishe gia, cheki mguu wa kushoto unaingia na kutoka lini, cheki vile haangalii gia hata mara moja. Hawa wasee wa mathree wanajua klachi kuliko karibu mtu yeyote barabarani. Kupanda kwa ukingo, kukata mbele ya watu na kusimama katikati ya lane kubeba abiria, hizo waachie wenyewe. Mguu wao ndio shule.

Model town sitakaa sana hapo. Ni ule ubao wa mji mdogo, unaambiwa upeleke kagari kutoka hapa hadi pale, halafu unaulizwa alama. Ukianguka hapo, haufiki hata kwa ndai. Dawa ni kuketi na msee mwingine, mmoja anauliza, mwingine anasogeza na kueleza kwa mdomo: shika kushoto, usivuke mstari usiokatika, ingia lane mapema, simama kabisa kwa STOP hata kama barabara ni tupu. Alama nazo zisome kwa umbo kwanza. Pembetatu ya ukingo mwekundu inaonya, duara inaamuru, pembe nane ni simama, na pembetatu imegeuzwa chini ni pisha wenzako. Ukijua umbo, hata alama hujawahi kuiona utaikaribia vizuri. Chora bodi kwa karatasi ya manila, tumia vifuniko vya soda. Inatosha.

Mahali pa mazoezi kwa wasee wa Eastlands ni Inda, yaani Industrial Area, Jumapili asubuhi. Magodauni yamefungwa, malori ni machache, barabara ni pana na zina kila kitu: makutano, reli, bampa, mashimo, kona za kuingia rivasi. Siku ya wiki usithubutu. Malori ya Lunga Lunga na Enterprise Road hayana subira na mwanafunzi, na mwanafunzi akiogopeshwa na lori, wiki nzima inapotea. Jumapili unaweza kuzima gari katikati ya barabara, ukahema, ukaanza upya. Na hapo ndipo ujifunze kuzima vizuri. Ndai ikikufia: klachi chini, handibreki juu, gia fri, washa, cheki vioo tena, toka. Bila kuomba msamaha kwa yeyote, bila kuangalia uso wa aliye kando. Sistee tulimzimia ndai makusudi, mimi nikivuta handibreki akitoka, hadi ikawa haimshtui tena. Kwa testi ya kwanza si kuzima kulimwangusha peke yake. Ni ile haraka ya kuwasha bila kupanga, mara tatu, kila mara mbaya kuliko ile imepita.

Kuna mambo ya nje ya ndai pia. Mathe atauliza. Mwambie ukweli: “Mathe, sijapita, narudia.” Sentensi moja, uendelee na kazi. Ukificha utakuwa unafanya mazoezi kwa kujificha, na hutapata wa kukaa kando yako. Kwa madem kuna mzigo wa ziada, juu kuna wasee wa stage wanaona dem ameanguka wanasema ni kawaida ya madem. Sistee aliambiwa hivyo na jamaa hajawahi kushika hata usukani wa toroli. Iliniuma. Hakuna klachi inajua kama mguu ni wa dem ama wa chali. Inajua kama siti imevutwa.

Siku ya testi yenyewe, viatu. Hii si story ya luku. Vaa ndula zile zile ulifanyia mazoezi, soli nyembamba, zenye hazitoki. Raba zile za soli nene zinakunyima ule mtetemeko wa sakafu nimebonga juu yake, na ukikosa hiyo unabaki kukisia. Dishi asubuhi, hata kama ni chai na mkate tu. Usiku wa kuamkia testi achana na jaba. Itakupea macho, ndio, lakini asubuhi mkono utakuwa unatetemeka kwa gia na hutajua ni uoga ama ni jani. Beba kitambulisho na PDL. Fika mapema, na kama unaweza, siku moja kabla tembea kwa miguu hizo barabara za karibu ujue bampa ziko wapi na mlima uko upande gani.

Ukiwa nyuma ukingoja zamu, aliye mbele akianguka utaskia tumbo. Usikae na kosa lake, kaa na siti yake. Cheki amesukuma wapi, kioo amepindua vipi, gia ameacha wapi. Ukiitwa utakuwa na kitu cha kufanya na mikono. Mtahini akinyamaza, nyamaza. Wengi husoma kimya chake kama hukumu na kuanza kuharibu kitu kilikuwa sawa. Yeye yuko kazini, anaandika. Ukiambiwa kitu hujaskia, uliza, “Samahani, umesema nikate wapi?” Kuuliza ni bora kuliko kukata kulia juu ulidhani ni kulia.

Sistee alipita. Aliingia baada ya msee mwingine mrefu, sijui ni bahati gani hiyo, na akavuta siti hadi ikalia. Mtahini alingoja. Ndai ilizima mara moja kwa makutano, akafanya zile hatua zote polepole, akatoka. Sasa analipia ile kadi ya leseni. Kibao chetu cha L bado kiko kwa Probox, juu Jumapili hii nakaa kando ya jirani wa plot. Yeye aliangukia rivasi. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi, na ameshaniandikia dakika yake.